Msumari wa Dripu



Leo naanza na msumari. Mama yangu alikuwa muuguzi katika zahanati ya kisiwani, ndani ya Ziwa Victoria. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu na vitanda vinne, na kwenye boriti iliyopita juu ya kitanda cha dirishani palikuwa pamepigiliwa msumari wa inchi sita. Chuma cha kutundikia dripu kilikuwa kimevunjika siku nyingi, kwa hiyo chupa zilitundikwa hapo. Mtoto akiletwa ameishiwa maji kwa kuharisha, macho yamezama na midomo imekauka, mama alitundika chupa, akaugonga mpira kwa kidole ili mapovu yapande juu, akautafuta mshipa, na tone la kwanza likaanza kushuka. Mimi nilikaa kizingitini nikihesabu matone mpaka usingizi ukanichukua. Asubuhi nilimkuta mtoto ameketi, anadai uji.

Utotoni niliamini kwamba dawa ilikuwa yale maji. Ukubwani ndipo nilipofahamu kwamba nusu ya kazi ilikuwa ya ule msumari. Uliiweka chupa juu, na dunia yenyewe ikayavuta maji hadi kwenye mshipa wa mtoto, usiku kucha, bila umeme na bila malipo.

Basi leo nakuomba tufuatane hadi mahali ambapo msumari ule hauna kazi.

Mahali hapo ni Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kiko kilomita zipatazo 400 juu ya vichwa vyetu, kinakwenda kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, na kinaizunguka dunia kila baada ya dakika 90. Tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijawahi kukaa bila watu. Wengi hudhani wanaanga wanaelea kwa sababu mvutano wa dunia haufiki huko. Unafika, tena kwa nguvu inayokaribia ya huku chini. Ila chombo na watu waliomo wanaanguka pamoja, mfululizo, wakiizunguka dunia. Fikiria ndoo iliyojaa maji ikikatika kamba kisimani. Muda wote inapoanguka, maji hayaikandamizi ndoo, maana vyote viwili vinakwenda pamoja. Wanaanga wanaishi ndani ya ndoo hiyo, na kisima chao hakina mwisho.

Sasa tundika dripu humo. Chupa itaelea pale pale ulipoiachia. Maji hayatashuka, kwa sababu chini hakupo. Utaugonga mpira kwa kidole mpaka kidole kiume, na mapovu hayatapanda, kwa sababu juu nako hakupo. Yatabaki yametapakaa ndani ya maji, na hewa nyingi ikiingia mshipani inaweza kuua.

Hapa ndipo lilipo neno ninalotaka kulisema leo. Kila kifaa cha hospitali kina mwenzake asiyeonekana, naye ni uzito. Ndiye anayeshusha dripu. Ndiye anayetenga hewa na dawa ndani ya bomba la sindano. Ndiye anayetuliza mikasi kwenye sinia, anayemlaza mgonjwa kitandani, anayeteremsha damu ya kidonda hadi kwenye pamba. Hatumwandiki katika orodha ya watumishi wala hatumpangii zamu. Mwondoe siku moja tu, na kila kazi aliyokuwa akiifanya italazimika kukabidhiwa kwa kitu kingine: kwa utando, kwa sumaku, kwa plastiki, kwa kauri. Sehemu kubwa ya utaalamu wa tiba katika safari za anga ni kutafuta vitu vya kushika nafasi hiyo.

Tuanze na damu. Mwezi Aprili 2013 mwanaanga wa Kanada, Chris Hadfield, alionyesha mbele ya kamera nini hutokea mtu akikamua kitambaa kibichi huko juu. Hakuna tone lililodondoka. Maji yalitoka yakakizunguka kitambaa kama mrija wa kioo, kisha yakatambaa hadi mikononi mwake na kumganda kama uji mzito. Jaribio lilibuniwa na wanafunzi wa shule kwao Kanada, na watu wengi ulimwenguni waliitazama picha ile kwa furaha. Lakini badala ya kitambaa weka paja lililochanika, na badala ya maji weka damu. Ile tabia ya kimiminika kushikamana ndiyo inayoifanya damu ijikusanye juu ya kidonda kama kuba na kupafunika mahali ambapo daktari anataka kupaona. Mshipa mkubwa ukikatika, damu huchomoka kwa matone yanayoelea chumba kizima, katika hewa ile ile wanayoivuta wote waliomo.

Je, mtu anaweza kupasuliwa katika hali hiyo? Tarehe 27 Septemba 2006 kundi la madaktari wa Ufaransa, wakiongozwa na Dominique Martin, lilipanda ndege huko Bordeaux ili kulijibu swali hilo. Ilikuwa Airbus A300 iliyotayarishwa kwa majaribio ya namna hiyo. Ndege hupanda kwa mwinuko mkali, kisha huachiwa ifuate njia ya jiwe lililorushwa, na kwa sekunde zipatazo 20 waliomo huelea. Halafu hupanda tena. Katika vipande hivyo vya sekunde ishirini ishirini, madaktari walimtoa mtu aliyejitolea uvimbe mdogo wa mkononi. Ulikuwa upasuaji wa kwanza wa binadamu katika hali ya kutokuwa na uzito. Mgonjwa alifungwa mikanda, madaktari nao walijifunga, na vifaa vilishikwa na sumaku zilizowekwa kuizunguka meza. Sinia la kawaida lisingefaa, kwa maana sinia ni kipande cha bati tu mpaka uzito uje uvitulize vitu juu yake.

Wahandisi wa vyuo vikuu viwili vya Marekani, Carnegie Mellon na Louisville, walifikiria njia nyingine tena. Walitengeneza kifuniko cha plastiki angavu kinachobandikwa juu ya kidonda na kujazwa maji ya chumvi yaliyotakaswa. Vifaa vya daktari hupitishwa kwenye matundu yasiyovuja. Maji yakisukumwa kwa kadiri, damu huzuiwa isitapakae, na mahali pa kukata huoshwa ili jicho lione. Mwaka 2012 waliijaribu njia hiyo ndani ya ndege ya majaribio. Angalia jinsi kazi ilivyogawanywa: kuiondoa damu machoni pa daktari, kazi iliyokuwa ya uzito, sasa inafanywa na maji na plastiki.

Lakini maji hayo ya chumvi, ambayo ndiyo yale yale ya dripu, yatoke wapi? Lita moja ya maji ni kilo moja ya mzigo, na mtu aliyeungua vibaya anaweza kuhitaji lita nyingi kwa siku moja. Mifuko ya dripu nayo ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Huwezi kujaza chombo dripu kwa ajili ya ajali ambayo pengine haitatokea. Ndipo mwaka 2010 Kituo cha Utafiti cha Glenn, cha shirika la anga la Marekani, NASA, kilipopeleka angani kifaa kilichoitwa IVGEN, ili dripu itengenezwe huko huko.

Nikueleze kilivyofanya kazi, maana ni cha kupendeza. Kilichukua maji ya kunywa ya kituoni. Kikayapitisha kwenye chembe za resini, aina ya plastiki inayonasa chumvi na madini yaliyoyeyuka. Kikayapitisha tena kwenye vichujio vyenye vitundu ambavyo bakteria hapenyi, na mapovu ya hewa nayo yakatengwa huko huko njiani. Mwisho maji yakaingia katika mfuko uliokuwa na chumvi iliyopimwa mapema, kwa kipimo kile kile cha dripu ya kawaida: gramu 9 kwa lita. Chumvi ililazimika kukorogwa kwa kijiti cha sumaku kilichozungushwa humo humo mfukoni. Mifuko ikarudishwa duniani kupimwa, na maji yakakutwa na usafi unaotakiwa kwa kuingizwa mshipani. Kumbuka pia kwamba sehemu ya maji ya kunywa ya kituo hicho hutokana na jasho, pumzi na mkojo wa wanaanga wenyewe baada ya kusafishwa. Mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba mfumo wake umefikia kurejesha asilimia 98 ya maji. Na yakishakuwa dripu, mfuko hubanwa au pampu huyasukuma. Huo ndio msumari wa huko.

Msikilizaji, hadi hapa nimesema juu ya majaribio. Sasa nikusimulie habari ya mgonjwa wa kweli.

Mwezi Januari 2020 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha taarifa ya mwanaanga mmoja ambaye jina lake halikutajwa, wala haikuelezwa kama ni mwanamume au mwanamke. Alikuwa amekaa kituoni miezi kama miwili. Siku hiyo alikuwa akijipima shingo kwa altrasaundi kwa ajili ya utafiti tu, hana maumivu wala homa. Picha ikaonyesha bonge la damu iliyoganda katika mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto.

Utafiti wenyewe ulikuwa unachunguza mwendo wa damu katika mshipa huo huo. Huku duniani, tukisimama, damu ya kichwani hushuka kuelekea moyoni kwa urahisi. Huko juu hakuna wa kuishusha. Majimaji ya mwili hupanda kifuani na usoni, nyuso za wanaanga huvimba, na katika baadhi yao damu ya mshipa wa shingo huzubaa au hata kurudi nyuma. Damu inayosimama huganda. Na bonge likichomoka likaenda mapafuni, mtu anaweza kufa.

Tuliheshimu kwanza jicho lililoliona bonge hilo. Kituoni hakuna chumba cha eksirei. Kuna altrasaundi, na moyo wa altrasaundi ni vipande vya kauri yenye tabia ya ajabu: ukikipa umeme hutetemeka, na kikitikiswa hutoa umeme. Ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua tabia hiyo ya kutoa umeme katika fuwele mwaka 1880. Kauri hiyo hupeleka mtetemo mwilini, husikiliza mwangwi wake, na mwangwi hugeuzwa kuwa picha. Haihitaji risasi ya kukinga mionzi wala dawa ya kusafishia filamu. Mwaka 2004 wanaanga Michael Fincke na Gennady Padalka, ambao si madaktari, walipimana mabega kwa kifaa hicho wakiongozwa kwa sauti na wataalamu walioko duniani, na picha zilizopatikana zilikuwa za kufaa kwa daktari.

Turudi kwa mgonjwa wetu. NASA ilimtafuta Stephan Moll, bingwa wa magonjwa ya kuganda kwa damu wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Siku moja simu ya nyumbani kwake ililia, mkewe akaipokea, akamwambia kwamba anaitwa kutoka angani. Hivyo ndivyo daktari na mgonjwa walivyozungumza.

Katika kabati la dawa la kituo kulikuwa na vichupa 20 vya dawa ya sindano ya kuzuia damu isigande. Basi. Mabomba ya sindano nayo yalikuwa ya kuhesabu. Na hata kuivuta dawa kutoka kwenye kichupa ilikuwa kazi, kwa sababu ile tuliyoiona kwenye kitambaa cha Hadfield: dawa haitulii chini ya kichupa ikisubiri sindano, hushikamana na kuta na kuchanganyika na hewa. Daktari alifanya hesabu ya mtu aliyeko kisiwani huku kivuko kimeharibika. Alianza na dozi kubwa, kisha akaipunguza ili dawa ifike mpaka siku ya chombo cha mizigo. Baada ya siku zaidi ya 40 chombo kikawasili kikiwa na vidonge, na sindano zikaachwa.

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Safari hii fimbo ilichukua siku arobaini na kitu, na nyoka, kwa bahati njema, alikuwa amelala. Lakini Kituo cha Kimataifa cha Anga ni jirani yetu. Ni kama kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma kwa mstari ulionyooka, ila kwa kwenda juu. Wanaojiandaa kwenda Mirihi, ile sayari nyekundu, watakuwa safarini na huko ugenini kwa muda unaokaribia miaka 3. Hakuna chombo cha mizigo kitakachowafuata. Hakuna kurudi njiani. Hata sauti itachelewa: ujumbe wa redio utachukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda tu, kutegemea sayari mbili zilivyokaa, na muda kama huo kurudi.

Mwezi Februari 2024 madaktari walioketi Lincoln, katika jimbo la Nebraska, waliiongoza roboti ndogo ya upasuaji iliyokuwa kituoni, yenye uzito wa chini ya kilo moja, ikakata vipande vya mpira vilivyowekwa mfano wa nyama. Walifaulu, ingawa kila amri ilichelewa kwa zaidi ya nusu sekunde. Nusu sekunde inavumilika. Dakika ishirini hazivumiliki mbele ya mshipa uliokatika. Kwa hiyo, kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo tiba inavyolazimika kutegemea mikono iliyopo na vitu vilivyopo.

Na vitu vilivyopo vinazeeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofanywa na watafiti wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Duke, ulizipitia dawa 91 zinazotumika kituoni. Kati ya hizo, 54 zilikuwa na muda wa kutumika usiozidi miezi 36. Yaani zaidi ya nusu ya kabati ingekuwa imepita muda wake kabla msafiri wa Mirihi hajaiona tena nyumba yake. Utafiti wa awali, wa mwaka 2011, ulikuwa umelinganisha masanduku ya dawa yaliyokaa angani hadi miezi 28 na mengine ya aina hiyo hiyo yaliyobaki ardhini, ukaona dawa za angani zinaharibika zaidi. Mionzi inashukiwa. Lakini kuna jambo jingine la karibu sana nasi: ili kupunguza uzito, dawa huondolewa kwenye vifungashio vya kiwandani na kutiwa katika vifuko vyepesi, na kifuko chepesi hakizuii vizuri unyevu na mwanga. Yeyote aliyewahi kupewa vidonge vimefungwa kwenye kipande cha gazeti anaelewa ninachosema. Karatasi ya kidonge nayo ni sehemu ya dawa.

Kama huwezi kubeba kila kitu, na ulichobeba kinazeeka, basi beba kinachoweza kugeuka kuwa kingine. Mwezi Novemba 2014 printa ya kwanza ya 3D ilianza kufanya kazi kituoni. Huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, kama mfinyanzi anayejenga chungu kwa mikunjo ya udongo, mpaka kitu kitimie. Mwezi uliofuata mchoro wa spana ulitumwa kutoka duniani kwa mawasiliano, na spana ikatoka kwenye mashine. Mwaka 2017, kwa kazi ya daktari Julielynn Wong, mashine za namna hiyo zikatoa kifaa cha kwanza cha tiba kuchapwa kituoni: banzi la kidole, lile la kumshikia mtu kidole ambacho ncha yake imelegea kwa kuumia.

Banzi la kidole! Ni kitu kidogo, lakini tulipime vizuri. Vidole vya watu havilingani, na mabanzi ya saizi zote ni mzigo. Uzi wa plastiki ni mzigo mmoja, nao unaweza kuwa banzi leo, koleo kesho, na kibanio cha mpira wa dripu kesho kutwa. Kinachotoka duniani ni mchoro tu, na mchoro hauna uzito. Kwa mara ya kwanza fimbo ya mbali ilimfikia nyoka, kwa sababu iliyotumwa ilikuwa sura ya fimbo, na mti ulikuwapo tayari.

Kuna na ugonjwa ambao haujafika bado mwilini, nao huzuiwa kwa vitu pia. Nje ya ngao ya sumaku ya dunia, mionzi ya jua na ya nyota hupenya miili na kuongeza hatari ya saratani. Mtu angefikiria ukuta wa risasi, kama ule wa vyumba vya eksirei. Lakini chembe zenye nguvu nyingi zikigonga metali nzito huzaa chembe nyingine zinazodhuru. Kinachofaa zaidi ni kitu chenye haidrojeni nyingi: maji, au plastiki aina ya polithini. Ndiyo, msikilizaji, polithini ya madumu yetu na ya ile mifuko ambayo Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019. Chombo cha safari ya NASA iitwayo Artemis I kilipokwenda kuuzunguka mwezi mwishoni mwa mwaka 2022, kilibeba sanamu mbili za mwili wa mwanamke, Helga na Zohar. Zohar alivalishwa fulana nzito ya polithini iitwayo AstroRad, Helga hakuvalishwa, na vipimo vilivyokuwa ndani ya miili yao vikahesabu mionzi, ili wanadamu watakaofuata wavae kinachowafaa.

Wala kukosa uzito si hasara tupu. Nyama laini ya mwili, ukijaribu kuichapa kwa seli hai huku duniani, huporomoka kwa uzito wake yenyewe kabla haijashikana. Kituoni haina wa kuiporomosha. Mwaka 2023 mashine ya kuchapa seli iliyoko huko ilitoa gegedu ya goti la binadamu, ikarejeshwa duniani ichunguzwe. Bado ni mwanzo, na hakuna mtu anayetembelea goti hilo. Lakini ni vyema tujue kwamba mlango umefunguka.

Najua swali lililo moyoni mwako, kwa sababu limekaa moyoni mwangu pia. Watu wachache wanaelea angani kwa gharama kubwa, nasi tuna zahanati zinazokosa glovu. Ni swali la haki. Mimi nalijibu hivi: matatizo ya chombo kile ni matatizo ya zahanati ya mama yangu. Shehena haiji kwa wakati. Dawa inapita muda wake kabatini. Aliyepo zamu ni mmoja, na bingwa yuko mbali. Umeme ni wa kuhesabu. Kwa hiyo jawabu lililotafutwa kwa ajili ya huko lina njia fupi ya kuja huku, kama tukilidai na kulifanyia kazi wenyewe.

Na mengine yamekwisha kuja. Blanketi jembamba linalong'aa kama fedha, lenye asili katika kazi ya NASA ya mwaka 1964, ndilo wanalofunikwa wakimbiaji wetu wakimaliza marathoni katika miji ya baridi, na waliookolewa majini. Povu laini lililobuniwa mwaka 1966 kwa ajili ya viti vya ndege leo limo katika magodoro ya hospitali, likimwepusha mgonjwa wa muda mrefu na vidonda vya mgongo. Nchini Uganda, hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi imetumia printa za 3D katika kutengeneza miguu ya bandia ya watoto, ili mtoto apate inayomkaa sawasawa. Altrasaundi imekuwa ndogo kiasi cha kuunganishwa na simu ya mkunga.

Ninachokiota mimi ni hatua inayofuata. Nataka vijana wetu wa uhandisi waitazame ile mashine ya kutengeneza dripu kama jambo linalowahusu. Tuna maji. Tuna chumvi. Kinachokosekana ni utando, resini, vipimo vya usafi na watu waliofundishwa, ili hospitali ya wilaya iliyo mbali na bandari iweze kuwatengenezea wagonjwa wake dripu salama siku barabara inapokatika. Nasema hospitali, yenye vipimo na wataalamu. Nyumbani tubaki na maji ya chumvi na sukari ya kunywa, ambayo yameokoa watoto wengi mno. Tukiupata ujuzi huo, fimbo itakuwa mkononi.

Nimalizie kwa mgonjwa wetu wa angani, maana hatukumfikisha nyumbani. Kwa zaidi ya siku 90 alitumia dawa. Bonge lilipungua polepole, lakini damu katika mshipa ule haikurudi kupita vizuri yenyewe. Siku nne kabla ya safari ya kurudi, dawa ilisimamishwa, kwa kuhofia kwamba akiumia wakati wa kutua angevuja damu isiyozuilika. Akatua salama. Walipompima, damu ilikuwa inashuka shingoni kama ya mtu yeyote, na lililobaki la bonge lilikuwa limelala bapa ukutani mwa mshipa. Baada ya siku 10 halikuonekana tena.

Vichupa 20, sindano za kuhesabu, vidonge vya chombo cha mizigo, kauri ya altrasaundi na akili za watu wema vilimfikisha mtu yule ardhini akiwa hai. Na alipokanyaga ardhi, akapokelewa na yule mtumishi ambaye hatukuwahi kumpangia zamu, ambaye tayari alikuwa kazini katika boriti ya zahanati ya mama yangu, akishusha tone moja, kisha jingine.

 Ukimwona muuguzi leo akitundika dripu, mpe heshima yake.